Utanunua hisa ngapi?

Mtoto wa kaka yangu aliweka daftari mezani, akalifungua katikati, akanisogezea.

Lilikuwa daftari zuri. Michoro ya mishumaa ya bei imepigwa kwa rula, kijani kwa bei iliyopanda, nyekundu kwa iliyoshuka, na chini ya kila mchoro jina lake na maana yake: nyundo, nyota ya jioni, mshumaa uliomeza mwenzake. Mbele kidogo kulikuwa na wastani unaosogea, mistari ya mwelekeo, na viwango ambavyo bei imezoea kugota na kurudi. Aliyeandika yale alikuwa amekaa chini akasoma, tena kwa muda mrefu.

Kisha akanitajia hisa aliyokuwa ameipania. Alijua kwa nini anaitaka. Alijua bei ya kuingilia. Nikamuuliza, "Utanunua ngapi?"

"Zitakazotosha, shangazi."

"Zitakazotosha nini?"

"Pesa niliyo nayo."

Nikaanza kulifunua daftari ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta mahali palipoandikwa habari ya kiasi. Hapakuwa na ukurasa huo.

Hapakuwa na hata mstari.

Tukaongea mengine, akaenda zake, lakini swali likabaki nami. Wiki zimepita na bado nalirudia, kwa sababu daftari lile linafanana na karibu kila somo la biashara ya hisa linalowafikia wanaoanza. Ununue nini, sura baada ya sura. Ununue lini, sura baada ya sura. Ununue kiasi gani, aya moja karibu na mwisho, wakati msomaji ameshafungua akaunti na mkono unamwasha.

Naamini mpangilio huo umepinduka. Mtu anaweza kukosea kampuni, akakosea na siku, na bado akabaki na mtaji wa kujaribu tena. Akikosea kiasi, anaweza kuwa amepatia kampuni na bado akaunguza akaunti kabla bei haijamfuata.

Hesabu inayoanzia mwisho

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, na ndiyo maana inaniuma kwamba haifundishwi kwanza.

Chukua mtaji wa 1,000,000, kwa sarafu yoyote. Amua sehemu uliyo tayari kuipoteza biashara moja ikikataa. Wengi hutumia 1%, yaani 10,000. Hisa inauzwa 500. Umeitazama chati, umeisoma kampuni, na unaona kwamba bei ikishuka hadi 460, sababu iliyokufanya uinunue itakuwa imekufa. Basi kila hisa inabeba hatari ya 40. Gawanya 10,000 kwa 40, unapata hisa 250. Utatumia 125,000, na pesa iliyobaki haiguswi.

Tazama hesabu hii inaanzia wapi. Pesa uliyo nayo imeingia, lakini kinachoamua kila kitu ni ile 460, bei ambayo ukiiona utakubali kwamba wazo lako halikusimama. Bila bei hiyo huwezi kukipata kiasi, na tarakimu yoyote utakayoitaja umeibahatisha.

Bei hiyo hutoka kwenye mwenendo wa hisa yenyewe. Nimesikia watu wakisema "nikipoteza 5% nauza," na wanalisema hilo kwa kila hisa wanayoishika. Soko halijui wewe ulinunua kwa bei gani. Kuna hisa ambayo 5% ni mtikisiko wake wa kawaida wa siku mbili, na kuna nyingine ambayo 5% ni habari ya mwaka mzima. Ukizipa zote mbili kikomo kimoja, ya kwanza itakutoa kila wiki bila sababu yoyote ya maana.

Kuna kisa cha Chicago ambacho nakirudia kila ninapolifikiria hili. Mwaka 1983 Richard Dennis, mfanyabiashara wa soko, na mwenzake William Eckhardt walikusanya kikundi cha watu, wengi wao hawakuwa na uzoefu wowote wa soko, wakawafundisha kwa majuma mawili. Walichowafundisha kilihusu mikataba ya kununua au kuuza bidhaa na fedha kwa tarehe ya mbele zaidi kuliko hisa, lakini somo ni lile lile. Kanuni ya kuingia ilikuwa nyepesi mno: nunua bei inapovuka kilele cha siku 20 zilizopita, au 55. Kazi kubwa ilikuwa kwenye kiasi. Walipima wastani wa mtikisiko wa kila siku wa soko husika, wakapanga ukubwa wa biashara ili mtikisiko mmoja wa namna hiyo uguse takriban 1% ya mtaji. Soko lenye fujo lilipata sehemu ndogo, lililotulia likapata kubwa zaidi. Akaunti iliposhuka 10%, walitakiwa kuendelea kana kwamba mtaji umepungua 20%.

Kanuni hii ya mwisho naipenda kuliko zote. Mtu aliyepoteza hutamani kuongeza dau ili arudishe pesa yake. Wao waliandikiwa kinyume chake, kabla ya siku hiyo kufika.

Na Dennis mwenyewe? Mwaka 1988 mifuko aliyoisimamia ilipata hasara kubwa, akajiondoa sokoni kwa muda. Nakitaja hilo kwa sababu sipendi visa vya soko vinavyoishia kwenye ushindi.

Kwa nini sehemu iwe ndogo hivyo

Anayeanza huiona 1% kama woga. Anasema kwa mwendo huo atatajirika lini.

Mpe karatasi, aandike. Ukipoteza 10% unahitaji faida ya takriban 11% kurudi ulipokuwa. Ukipoteza 20%, unahitaji 25%. Ukipoteza nusu, unahitaji kuongeza mara mbili kile kilichobaki. Ukipoteza 80%, unahitaji 400%. Hasara na faida hazipimwi kwa mtaji uleule, kwa kuwa faida inapaswa kutoka kwenye pesa ambayo hasara imekwisha kuipunguza. Fahirisi ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilifika kilele cha 381 mwezi Septemba 1929, ikashuka hadi 41 mwezi Julai 1932, na haikukiona tena kilele kile mpaka Novemba 1954.

Jambo la pili ni hasara zinazofuatana. Chukua mtu anayepatia biashara moja kati ya mbili, matokeo ya mtu wa kuheshimika kabisa. Akifanya biashara 100, uwezekano wa kukutana na hasara tano mfululizo, angalau mara moja, ni takriban 81%. Karibu lazima imkute. Na ikimkuta hatajua kama ni bahati mbaya tu au mbinu yake imekufa, kwa sababu zote mbili zina sura ileile zikiwa zinatokea.

Sasa mpe hasara kumi mfululizo. Aliyehatarisha 1% kila mara amebaki na zaidi kidogo ya 90% ya mtaji. Aliyehatarisha 10% kila mara amebaki na chini ya 35%, na ili arudi anahitaji faida ya takriban 187%. Walinunua hisa zilezile, siku zilezile, kwa bei zilezile.

Mmoja wao bado yuko sokoni.

Pale hesabu iliponitia shaka

Mpaka hapa nilikuwa nimetulia. Nikaamua kuandika mfano wa pili kwa ajili ya kijana, na mfano huo ndio uliovuruga kila kitu.

Hisa ileile ya 500. Safari hii mtu anasema kikomo chake ni 495, kwa sababu anataka hasara ndogo. Hatari kwa kila hisa ni 5. Gawanya 10,000 kwa 5: hisa 2,000. Zidisha kwa 500.

Milioni moja. Mtaji wote.

Kwa karatasi, huyu na yule wa hisa 250 wana hatari ileile ya 1%. Kila mmoja amefuata kanuni. Sasa kampuni inatangaza matokeo mabaya soko likiwa limefungwa, na asubuhi hisa inafunguka kwa 400. Kati ya 500 na 400 haikuuzwa hata hisa moja, bei imeruka tu. Wa kwanza amepoteza 25,000, yaani 2.5% badala ya 1%. Inauma, lakini kesho anaendelea. Wa pili amepoteza 200,000. Amepoteza 20% ya mtaji kwenye biashara aliyoiita ya hatari ya 1%.

Nililikazia macho lile gawanyo kwa muda. Fomula niliyokuwa nikiisifu ndiyo iliyoingiza pesa yake yote, na kadiri alivyojiona mwangalifu kwa kusogeza kikomo karibu, ndivyo ilivyomwongezea hisa. Hakuna kosa la hesabu humo. Kilichokosekana ni kwamba fomula inadhani utauza kwa bei uliyoipanga, na soko halijawahi kumwahidi mtu hilo.

Kwa hiyo sasa naamini zinahitajika tarakimu mbili. Ya kwanza ni hatari kwa kila biashara, kama tulivyoihesabu. Ya pili ni dari ya pesa inayoweza kuingia kwenye hisa moja, hata kama kikomo kinaonekana salama namna gani. Dari hiyo unaipata kwa swali jingine: hisa hii ikifunguka kesho ikiwa imeshuka theluthi, nitakuwa na hali gani? Kama jibu ni kwamba utakuwa umekwisha, punguza, hata kama fomula inaruhusu. Ukiweka dari ya 15% ya mtaji kwa hisa moja, anguko la theluthi linakugharimu 5%. Ni pigo, ila utainuka.

Na mara nyingi siku kampuni inapotangaza matokeo yake inajulikana mapema. Tarehe hizo hutangazwa. Sielewi kwa nini hazikai ukurasa wa kwanza wa kila somo.

Oda na ahadi zake

Nilipokuwa nikiyafikiria haya nilirudi kwenye kitu ambacho wengi wetu hubonyeza bila kukisoma: aina ya oda, yaani agizo unalompa dalali.

Oda ya kukata hasara ya kawaida ni agizo lililolala. Bei ikiligusa linaamka na kugeuka oda ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo wakati huo. Bei uliyoiandika ni ya kuliamsha agizo tu, na malipo yanaweza kuwa chini yake. Kuna aina ya pili, unayoiwekea bei ya chini kabisa unayoikubali. Hiyo haikuuzii chini ya hapo, lakini bei ikiruka moja kwa moja na kuipita, hauuzi kabisa, unabaki umeishika hisa inayoendelea kuanguka. Ya kwanza inakuhakikishia kwamba utatoka, ya pili inakuhakikishia bei. Hakuna inayokupa vyote viwili.

Siku ya kulifundishia hili ni tarehe 6 Mei 2010. Mchana ule, kwa dakika chache, soko la Marekani lilianguka na kuinuka kwa kasi ambayo wengi hawakuwahi kuiona. Hisa ya Accenture, iliyokuwa ikiuzwa karibu dola 40, iliuzwa kwa senti moja. Wanunuzi walikuwa wamejiondoa, na oda za kuuza kwa bei yoyote zikakutana na bei yoyote kweli. Baadaye masoko yalifuta biashara zilizofanyika kwa bei iliyoachana na bei ya muda mfupi kabla kwa zaidi ya 60%. Zaidi ya biashara 20,000 ziliangukia humo. Lakini fikiria aliyeuza kwa punguzo la 55%. Yake haikufutwa. Dakika chache baadaye hisa aliyoiuza ilikuwa imerudi karibu na bei yake, naye hayumo.

Tarehe 19 Oktoba 1987 Dow Jones ilishuka 22.6% kwa siku moja. Wakati huo taasisi kubwa zilikuwa na mpango wa kujikinga uliouza moja kwa moja kadiri bei zilivyoshuka, na mauzo hayo yaliongeza shinikizo kwenye soko lililokuwa tayari linaporomoka. Kila mmoja peke yake alikuwa na kinga. Walipoitumia wote kwa pamoja, hakukuwa na wanunuzi wa kutosha.

Bado naweka oda za kukata hasara. Nimeacha tu kuzihesabu kama uhakika wakati wa kupanga kiasi.

Biashara tano ambazo ni moja

Hili ni fupi, lakini limewamaliza wengi.

Ukinunua benki tano tofauti, kila moja kwa hatari ya 1%, umeandika biashara tano kwenye rekodi. Benki kuu ikitangaza jambo kuhusu riba, zote tano zitaitikia pamoja, na utagundua ulikuwa na biashara moja ya 5%. Hata hisa za sekta zisizohusiana husogeleana siku ya hofu. Kati ya 19 Februari na 23 Machi 2020 fahirisi ya S&P 500 ilishuka takriban 34%, na ndani yake benki, mashirika ya ndege na kampuni za mafuta zote zilienda chini. Kwa hiyo mtu anahitaji pia kikomo cha hatari yote iliyo wazi kwa wakati mmoja, na kwenye kuhesabu, zinazofanana ziwekwe kundi moja.

Mkopo wa dalali unazidisha haya yote, na una ubaya wake wa pekee: unakunyang'anya uamuzi wa kutoka. Kwa pesa yako unaweza kusubiri. Kwa pesa ya mkopo, dhamana ikipungua dalali atakudai uongeze, na usipoongeza ataziuza hisa zako kwa wakati unaomfaa yeye. Machi 2021 kampuni ya uwekezaji ya Archegos, ya Bill Hwang, ilianguka kwa siku chache namna hiyo, ikiwa imejirundika kwa madeni kwenye hisa chache. Benki ya Credit Suisse, mojawapo ya zilizomkopesha, ilipoteza takriban dola bilioni 5.5.

Kwa anayejifunza, msimamo wangu hauna kona. Asiguse mkopo.

Mkono unaokataa kuuza

Hesabu zote hizo zinamngoja mtu mmoja azitekeleze, na mtu huyo ameumbwa vibaya kwa kazi hii.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba hasara humgusa mtu kwa uzito zaidi kuliko faida ya kiasi hichohicho, na kwamba mtu aliye ndani ya hasara huwa tayari kubahatisha zaidi ili aikwepe. Mtafiti Terrance Odean akaipeleka hoja hii kwenye akaunti halisi. Katika utafiti alioutoa mwaka 1998, alichunguza akaunti 10,000 za wateja wa dalali mmoja wa Marekani. Kati ya faida walizokuwa nazo mkononi, waliuza 14.8%, kati ya hasara, 9.8% tu. Walivuna zilizopanda na kuzikumbatia zilizoshuka. Katika mwaka uliofuata mauzo, zile zilizopanda walizouza zilizishinda zile zilizoshuka walizozishika kwa wastani wa asilimia 3.4.

Nikilisoma hilo namwona mtu wa kawaida kabisa. Hisa imefika 460, bei aliyoiandika kwa mkono wake. Anajiambia kampuni bado ni nzuri. Anajiambia akiuza ndipo hasara itakuwa ya kweli. Kisha anapata wazo linalofanana sana na busara: ilikuwa nzuri kwa 500, kwa 440 ni nzuri zaidi, ngoja niongeze.

Wazo hilo likiachwa likue linafika mbali. Nick Leeson, mfanyakazi wa benki ya Barings ya Uingereza akiwa Singapore, alificha hasara za benki hiyo kwenye akaunti namba 88888. Tetemeko la Kobe lilipotokea tarehe 17 Januari 1995 na soko la Japani likashuka, aliongeza ununuzi wa mikataba ya fahirisi ya Nikkei. Hasara ilifika pauni milioni 827, na benki iliyoanzishwa mwaka 1762 ikafa mwezi uliofuata. Alidanganya wakubwa wake, na hilo ni kosa la aina yake. Lakini mwendo wa mkono ni uleule: kuongeza juu ya kinachoshuka ili usikubali kuwa umekosea.

Ndiyo maana naandika bei ya kutokea kabla ya kununua, na oda naiweka dakika ileile. Kabla ya kununua nina akili ya mtazamaji. Baada ya kununua nina upande.

Shaka iliyobaki

Sasa nifike kwenye lililonikosesha raha kuliko yote.

Tuseme kijana amefanya kila kitu. Kiasi, dari, kikomo cha jumla, oda, hakuna mkopo. Je, atapata faida?

Hakuna chochote katika niliyoandika hapo juu kinachosema hivyo.

Pesa uliyokubali kuipoteza kwenye biashara moja iite fungu moja. Mtu anapatia biashara 40 kati ya 100, akipatia anapata mafungu mawili, akikosa anapoteza moja. Anaingiza 80, anatoa 60, amebaki na 20. Mwingine anapatia 60 kati ya 100, lakini ana haraka ya kuvuna, kwa hiyo akipatia anapata nusu fungu. Anaingiza 30, anatoa 40. Anapatia mara nyingi kuliko mwenzake na anafilisika taratibu. Huyu wa pili hakuna usimamizi wa hatari utakaomwokoa. Akihatarisha kidogo, atafilisika polepole zaidi.

Na kuna gharama. Ada ya dalali, kodi, tofauti kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, zote hulipwa hata siku uliyopatia. Brad Barber na Odean huyohuyo walichunguza familia 66,465 za Marekani kati ya 1991 na 1996. Soko lilitoa 17.9% kwa mwaka. Waliokuwa wakinunua na kuuza zaidi kuliko wote walipata 11.4%. Nchini Brazili watafiti waliwafuatilia watu walioanza kununua na kuuza mikataba ya fahirisi ndani ya siku moja kati ya 2013 na 2015. Kati ya waliodumu kwa zaidi ya siku 300, 97% walipoteza pesa. Hao ndio waliodumu, waliojifunza, waliorudi kesho yake.

Nikajiuliza kama nina haki ya kumfundisha mtu kugawanya 10,000 kwa 40. Labda namsaidia tu kuvumilia jambo ambalo angeliacha mapema.

Nililibeba swali hilo siku nyingi, na nilipofikia ni hapa. Usimamizi wa hatari unakununulia nafasi ya kujua, kwa bei uliyoikubali, kama una uwezo au huna. Anayehatarisha 10% kila mara anaweza kufilisika kabla hajafanya biashara za kutosha kujijua. Anayehatarisha 1%, au nusu yake, anaweza kufika biashara 100 akiwa na rekodi inayosema kitu. Na ikisema huna, hilo ni jibu kamili. Kuna mifuko ya fahirisi inayomiliki soko zima kwa ada ndogo, na kwa watu wengi, nawaza hivyo kwa moyo mweupe, pesa ya miaka mingi ikae huko. Biashara ya kununua na kuuza ipewe sehemu ambayo ikipotea yote maisha hayatikisiki.

Rekodi

Akaunti ya majaribio inafaa kwa wiki za mwanzo, kujua vitufe na kuona oda zinavyofanya kazi. Haifundishi kuuza hisa yenye hasara ya kweli, kwa hiyo mapema afadhali kuhamia pesa halisi kwa kiasi kidogo mno, kidogo mpaka faida yake haina maana. Ada itakula sehemu kubwa. Usijali hilo.

Kila biashara iandikwe kabla haijafanyika: sababu kwa sentensi moja, bei ya kuingia, bei ya kutokea, idadi ya hisa, na hatari kwa mafungu. Baadaye iongezwe bei halisi uliyouzia na matokeo, pia kwa mafungu. Kuandika kwa mafungu kuna faida ambayo pesa haina: biashara ndogo na kubwa zinalinganishika, na wastani wa safu hiyo, baada ya ada, ndio unaokuambia kama mbinu inaishi. Pale bei halisi ilipotofautiana na bei ya kutokea, nakili tofauti hiyo. Baada ya muda utajua hisa zako huruka kiasi gani kwa kweli, na dari yako itapangwa kwa ushahidi wako mwenyewe.

Safu ninayoisoma kwanza ni ile inayolinganisha hisa zilizopangwa na zilizonunuliwa. Zikitofautiana, biashara hiyo naihamishia orodha yake, hata kama ilileta faida nono, kwa sababu haikufanywa kwa mbinu ninayoipima. Orodha ile ya pembeni naijumlisha peke yake kila mwisho wa mwezi, na ikianza kuwa ndefu napunguza fungu kwa nusu mpaka ifupike.